Fundi wa Kulaza Maji

Kabla hajagusa maji ya mtu alibadilisha viatu. Alikuja amevaa suti ya kijivu, tai imekazwa, viatu vyeusi vinang'aa kana kwamba amealikwa harusini. Aliketi kwenye kiti cha bustani, akavua kimoja, akavua cha pili, akavifunga ndani ya mfuko wa kitambaa, kisha akatoa mabuti ya mpira kwenye begi lake. Suti haikuvuliwa. Ovaroli aliivaa juu yake, na fundo la tai likachungulia shingoni muda wote wa kazi. Mwaka wa kwanza nilimcheka. Mwaka wa pili niligundua kwamba Bibi, ambaye kumchana nywele tu ilikuwa vita, aliniagiza mkufu wake wa lulu saa nzima kabla mtu yule hajabisha hodi. Nikaacha kucheka.

Nimwite Fundi, maana ndivyo Bibi alivyomwita. Kazi yake ilikuwa mabwawa ya kuogelea ya majumbani. Mwezi wa nne aliyafungua, mwezi wa kumi aliyafunga kabla ya baridi. La Bibi alilitunza tangu mume wa Bibi alipokuwa hai, na aliendelea kulitunza hata baada ya wajukuu kukua na kuacha kuogelea. Bibi hakutaka lifukiwe. Binti yake alipolizungumzia jambo hilo, Bibi alijifanya hasikii.

Mimi nilikuwa mtunzaji wa Bibi. Nyumba ilikuwa Forest, kitongoji cha Brussels, upande wa juu ambako bustani huanza kuwa kubwa, na chumba changu kilikuwa darini. Nyumbani Morogoro nilifundisha Kiswahili shule ya msingi miaka tisa. Nilikuja Brussels nikimfuata mume. Mume akamfuata mwingine. Mimi nikabaki na mji. Binti wa Bibi aliniajiri kwa sababu moja tu, kwamba nilisema Kiswahili. Bibi, Mbelgiji, na mumewe, mhandisi wa migodi, walikuwa wameishi Lubumbashi miaka mingi, na sasa uzeeni Kifaransa kilikuwa kinamchosha, kile Kiswahili cha ujana kinarudi.

Nilijiona nimeletwa na Mungu. Asubuhi ya kwanza nilisimama kando ya kitanda chake, nikasema taratibu, kila silabi mahali pake: "Shikamoo, Bibi. Umeamkaje? Ungependa nikuandalie kifungua kinywa gani?"

Akanitazama.

"Weye unasema sawa radio," akasema, yaani nasema kama redio. Akageukia ukutani.

Kwa miaka mitano nilimwogesha, nilimlisha, nilimkata kucha, nilikesha naye akikohoa. Hakunitesa, wala hakunitukana. Alinivumilia, kama mtu anavyovumilia saa ya ukutani. Fundi alikuja mara mbili kwa mwaka, kama masika na vuli, na akija, Bibi alichanua. Niliwahi kuachwa na mume kwa ajili ya mwanamke mwenye gari, na sikuona wivu kama ule.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa lugha. Siku niliyoonana na Fundi kwa mara ya kwanza nilimwamkia shikamoo, kama adabu inavyotaka kwa mtu wa rika la baba yangu. Akanijibu, "Asante, maman." Asante! Nilisimama na sinia ya kahawa mkononi nikisubiri marahaba yangu, isije. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Katanga, cha huko Lubumbashi, maji *iko*, mutoto *yangu*, *batu* wanasema, na katikati anachomeka *bon* na *donc* na *alors*. Ningekuwa na kalamu nyekundu ningemaliza wino. Lakini Bibi, amefunikwa blanketi kwenye baraza, alimsikiliza mdomo wazi kama mtoto. Walizungumza habari za Mgiriki aliyeuza mikate, za mbwa aliyeiba nyama ya paroko, za vumbi jekundu lililoingia hadi kwenye sukari. Bibi alicheka hadi meno ya bandia yakacheza. Mimi nilikuwa pale pale, nikikunja nguo zisizohitaji kukunjwa.

Siku moja nilijitia kwenye mazungumzo. Nikasema kwamba nyumbani kwetu pia vumbi ni jekundu. Wote wawili walinyamaza kwa heshima, kama watu wanaosubiri gari kubwa lipite, kisha wakaendelea.

Fundi alikuwa mtu wa kutoharakisha. Kufunga bwawa la Bibi, lenye urefu wa mita tisa tu, kulimchukua siku nzima. Kwanza alishusha kipimajoto kwa uzi, akakaa nacho kama mvuvi. Hakufunga bwawa maji yakiwa na joto, maana mwani huota chini ya turubai na majira ya kuchipua unakuta supu ya kijani. "Douze," alisema, yaani digrii kumi na mbili. "Ikifika douze, tunafunga. Ikiwa treize, tunangoja." Na alingoja kweli. Mwaka mmoja alikuja mara tatu, akatumbukiza kipimajoto, akanywa kahawa, akarudi kwake Molenbeek.

Ikifika kumi na mbili, aliopoa majani kwa wavu, akasugua kuta kwa brashi ndefu, akasafisha chujio kwa kuyageuza maji yapite kinyume. Kisha alipunguza maji hadi yakashuka kiganja kimoja chini ya tundu la pembeni, lile linalomeza takataka za juu. Yakibaki kwenye tundu hilo yataganda, na barafu itapasua kila kitu. Alipuliza mabomba kwa mashine hadi mapovu yakakoma, akaziba matundu kwa vizibo vya mpira, akakausha pampu kwa kitambaa kama mtu anayekausha masikio ya mtoto. Juu ya maji alitandaza madumu madogo ya plastiki, yamewekwa kokoto kidogo ndani, yamefungwa kamba kutoka pembe hadi pembe. Bibi alimuuliza kila mwaka kazi ya madumu yale ni nini, na kila mwaka alimjibu kama anaulizwa leo:

"Madame, barafu inapenda kusukuma. Donc, tunaipatia kitu ya kusukuma. Isisukume ukuta yako."

Mwisho ni turubai. Aliikaza kamba kulabu baada ya kulabu, akizunguka, akirudi, akibonyeza. Kisha alisimama mbele ya Bibi, ovaroli imelowa, tai imenyooka, akasema: "Bon. Maji imelala."

"Ilale muzuri," Bibi alijibu.

Kwa siku mbili baada ya hapo Bibi alikula vizuri na kuimba vijiwimbo. Siku ya tatu ukimya ulirudi, na aliyeachiwa ukimya huo ni mimi.

Nisimpambe Fundi. Alikuwa na kasoro zake, na mimi nilizikusanya kwa bidii. Alihubiri uvumilivu, lakini nimemwona akiipiga pampu teke na kuitukana kwa Kilingala, kisha akavua kofia na kumwomba Mungu msamaha kwa Kifaransa. Alikuwa shemasi kanisani, na hakuna umbea wa Wakongo wa jiji hili aliokuwa hana. Alikataa chakula cha mchana kwa unyenyekevu mkubwa, kisha akamaliza biskuti zote zilizokuwa mezani. Hakumruhusu mtu mwingine aguse mpira wake wa maji, hata kuusogeza.

Na alikuwa mwongo. Kuhusu maji hakuwahi kudanganya. Kama ufa upo, aliusema. Lakini kuhusu watu alidanganya bila kupepesa jicho. Alimwambia Bibi kwamba bwawa lake ndilo zuri kuliko yote ya Brussels. Bibi alikaa na sifa hiyo kama nishani. Kisha rafiki yangu Mkenya, aliyefanya kazi za ndani kule Uccle, akanisimulia kwamba Fundi huyo huyo alimwambia bosi wake maneno hayo hayo. Nilifurahi sana kuipata habari ile. Siku alipokuja kufungua bwawa nilimsubiri kwenye kibanda cha pampu.

"Mzee," nikamwambia, "mabwawa mazuri kuliko yote yapo mangapi hapa Brussels?"

Alihesabu kwa vidole, hana haya. "Onze," akasema, yaani kumi na moja. "Na weye, maman mwalimu, nani alikuambia leo kama uko muzuri?"

Alinigeuzia mgongo akaendelea kukaza nati.

Sasa nisimulie nililolifanya.

Ilikuwa mwaka wangu wa tano. Mwishoni mwa mwezi wa tisa Fundi alipiga simu ya nyumbani, kama kawaida yake, kuuliza hali ya maji. Bibi alikuwa amelala. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemshika mkono tukivuka sebule, akajikwaa, nikamdaka, nikaumia mgongo, na alipotulia kitini jambo la kwanza alilosema lilikuwa: "Fundi anakuya lini?" Nikiwa bado na simu sikioni nilijisikia nikisema kwamba mwaka huu Madame ameamua kutumia kampuni.

Fundi akauliza:

"Ni Madame alisema?"

"Ndiyo, mzee."

"Bon," akasema. "Umusalimie." Akakata.

Kwenye sanduku la barua palikuwa na karatasi ya kampuni moja ya mabwawa. Nikawapigia. Binti wa Bibi nilimwambia kwamba Fundi haji mwaka huu, na yeye, mtu wa ofisini mwenye shughuli tele, akasema sawa. Vijana wawili walikuja wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi, maji bado yana joto, wakafanya kazi chini ya saa moja huku wamevaa vipokea sauti masikioni. Bibi alikuwa dirishani tangu kifungua kinywa, lulu shingoni.

"Hawa ni nani? Fundi iko wapi?"

Uongo wa kwanza ulikuwa umeshazaa. "Ni mgonjwa, Madame," nikasema.

Nilidhani yataishia hapo. Jioni ile alimwombea. Kesho yake alimwombea tena, kwa sauti, mimi nikiwa mlangoni na dawa zake. Na Jumatano asubuhi nilimkuta jikoni. Bibi, ambaye kwa miaka miwili hakuwa amefungua hata kabati la vikombe, amesimama ameshikilia meza, anakata vitunguu vya liki kwa mkono mmoja.

"Ninamupikia supu," akasema. "Utaipeleka."

Nilitaka kulia. Mimi niliyeugua mafua mara ngapi katika nyumba ile sikuwahi kupewa hata ndimu.

Jumatano mchana alikuja muuguzi, na mimi nilikuwa na saa tatu zangu. Nilitoka na chupa ya supu kwenye mfuko. Ningeweza kuimwaga. Ningeweza pia kwenda Molenbeek, nikabisha mlango wa Fundi, nikatubu. Badala yake niliteremka hadi bustani ya umma, nikaketi kwenye benchi, nikafungua chupa. Mvuke ulinipiga usoni. Liki, viazi, karoti zilizokatwa ovyo ovyo. Chumvi hakuna, kwa kuwa daktari alikuwa amempigia Bibi marufuku chumvi na yeye alidhani marufuku ni ya dunia nzima. Niliinywa yote. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na njaa, na ilikuwa supu ya mtu aliyependwa.

Niliporudi, Bibi alinishika kiwiko. "Alisema nini?"

"Alisema supu ni nzuri, anakushukuru."

Macho yake yakasinyaa. "Hapana. Fundi hasemi *nzuri*."

Jumatano iliyofuata nilijiandaa. "Alisema: Muzuri sana, Madame, Mungu akubariki."

"*Akubariki*?" Akatikisa kichwa. "Weye hausikilizi."

Basi nikawa nakaa kwenye benchi lile, katika baridi ya mwezi wa kumi na moja, nikinywa supu ya mtu mwingine na kufanya mazoezi ya Kiswahili chake. Iko muzuri. Batu bote wanakusalimia. Mi ninasikia nafuu kidogo, njo vile, yaani ndivyo hivyo. Mwalimu wa miaka tisa! Wazee waliopitisha mbwa wao walinitazama nikibwabwaja peke yangu. Jumatano ya sita Bibi alisikiliza ripoti yangu hadi mwisho na hakurekebisha kitu. Alifumba macho, akatabasamu. Tabasamu lile, najua, halikuwa langu.

Mwezi wa kwanza baridi iliuma kweli kweli, wiki nzima. Asubuhi moja nilisikia mlio kama wa sahani inayovunjika. Turubai ilikuwa imezama kwa uzito wa majani na barafu. Tundu la pembeni lilikuwa limepasuka, na kibandani ganda la pampu lilikuwa limefunguka kama yai. Wale vijana hawakupunguza maji ya kutosha, hawakukausha pampu, wala hawakuweka madumu. Binti wa Bibi alifika na koti lake refu, akatazama, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Hivi ni nani aliyeamua tumwache Fundi?"

Nikasema tutazungumza. Nikapanda darini, nikaketi kitandani. Niliijua hesabu ya jambo lile: kazi ikienda, na chumba kinakwenda, na baridi iko nje. Kisha nikachukua simu nikampigia Fundi. Sikumweleza lolote. Nilisema tu, "Mzee, barafu imevunja bwawa la Bibi." Akasema, "Ninakuya."

Alikuja siku ile ile, suti ya kijivu. Nilitaka kumwahi langoni, lakini binti alishamfungulia, na Bibi alikuwa ameburuta miguu hadi ukumbini bila fimbo yake.

"Fundi! Umepona?"

Nilisimama nyuma ya Bibi. Fundi alimtazama Bibi, kisha akanitazama mimi juu ya bega lake. Sikuweza hata kukonyeza. Nadhani uso wangu ulisema kila kitu.

"Nimepona, Madame," akasema.

"Na supu? Supu yangu ilikuwa muzuri?"

Hakujua supu. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia habari za supu. Alivua kofia yake polepole.

"Muzuri sana, Madame. Ni chumvi tu njo ilikosa."

Bibi alicheka, akampiga kifuani kwa ngumi yake nyepesi, akamwambia binti kwa Kifaransa: unasikia, analalamika! Na binti, aliyekuja kutafuta mkosaji, akamuuliza Fundi kama kweli alikuwa mgonjwa tangu mwezi wa kumi, na Fundi akasema kweli kabisa, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyenishauri niite kampuni. Mambo yakaishia hapo. Chumba changu kilibaki changu.

Baadaye nilimfuata kibandani. Alikuwa amepiga magoti mbele ya pampu iliyopasuka, akipapasa ufa kwa kidole gumba. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, yamepangwa kama insha. Hakunipa nafasi.

"Maman mwalimu," akasema bila kugeuka, "ile ugonjwa yangu ilikuwa ya nini? Nijue, kama ananiuliza tena."

"Mapafu," nikasema.

"Mapafu. Bon."

Na kuanzia hapo kila alipompita Bibi alikohoa kidogo, kwa heshima.

Mtu akikusamehe hivyo ungetegemea wivu uishe. Wangu ulikua. Kabla ya hapo nilimwonea wivu kwa kupendwa. Sasa nilimwonea wivu kwa kustahili. Alikuja Jumamosi tatu mfululizo kutengeneza, na kila nilipomtazama akipima bomba jipya na kulikata kwa msumeno, nilitamani akosee. Hakukosea.

Bibi alifariki mwezi wa sita, nyumbani, dirisha la chumba chake limefunguliwa upande wa bustani. Bwawa lilikuwa limeshafunguliwa. Siku zile za mwisho hakututambua. Mchana ule pumzi yake ilibadilika, nikampigia binti, nikampigia na Fundi. Wote walikuwa njiani. Nilikuwa nimemshika mkono alipofungua macho, akayazungusha chumbani.

"Fundi?"

"Anakuja, Madame. Yuko njiani."

"Fundi?" akarudia, na hofu ilikuwa imemwingia usoni, hofu ya mtoto aliyepotea sokoni. "Maji iko namna gani?"

Nikalegea. Miaka tisa ya ubao na chaki, ngeli zangu zote, viambishi vyangu vyote, nikaviweka chini.

"Iko muzuri, Madame," nikasema. "Iko safi. Unaweza kuona mpaka chini."

"Ni weye, Fundi?"

"Ni miye."

Mkono wake ukalegea ndani ya wangu, hofu ikamtoka. "Njo vile," akasema. Hakusema tena.

Fundi alifika baada ya nusu saa, jasho linamtoka, alikuwa amepanda mteremko kwa miguu kwa sababu tramu ilikwama. Alisimama kizingitini na kofia mikononi. Akaniuliza kama Madame alisema kitu.

"Alikuuliza," nikamwambia.

Aliinamisha kichwa, akalia kimya kimya, na mimi sikumwambia kwamba aliuliza na akajibiwa. Hiyo nilijiwekea. Yeye alikuwa na miaka mingine yote ya Bibi. Mimi nilichukua siku hiyo moja.

Nyumba iliuzwa. Nilipata kazi katika nyumba ya wazee, zamu za mchana, na chumba kule karibu na mfereji. Sikumwona Fundi kwa miaka miwili na zaidi. Sikumtafuta.

Kisha mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, natoka stesheni ya metro ya Porte de Namur kwenda kununua unga wa muhogo, nikamwona amesimama juu ya ngazi, begi lake miguuni, watu wanamkwepa kushoto na kulia. Suti ile ile, sasa imemzidi mabega. Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka kando ya paja, na alikuwa akiutazama kama kitu alichookota.

"Shikamoo, mzee."

Akageuka. "Maman mwalimu!" Akanitazama juu hadi chini. "Leo uko na kazi?"

"Sina, ni siku yangu ya mapumziko."

"Alors, unisaidie na begi. Tunaenda tu hapa Uccle, tunarudi."

Nilidhani kweli ni begi tu. Njiani ndani ya basi hakusema mengi. Nyumba ilikuwa nyeupe, na mwenyewe alikuwa mwanamke mrefu mwenye mvi aliyempokea Fundi kwa mabusu matatu na kumwambia kwamba bwawa lilikuwa linamngoja. Mimi aliniinamishia kichwa, kama unavyomwinamishia mtu aliyeshika mzigo. Fundi aliketi kwenye kiti cha bustani. Alinipa kipimajoto.

Nikakitumbukiza. Nikangoja. "Kumi na moja," nikasema.

"Bon."

Hakuinuka. Aliupakata mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akatazama miti. Nikaelewa polepole kwamba hatainuka. Nikakunja mikono ya sweta nikachukua wavu.

Nilifanya yote. Sikuwahi kufundishwa na mtu, na hapakuwa na hatua hata moja niliyolazimika kuuliza. Miaka mitano nilikuwa nimemtazama mtu yule kwa jicho baya, kutoka dirishani, kutoka barazani, nikihesabu kila alichogusa, nikitafuta kosa. Na jicho baya, kumbe, halisahau. Nilijua vizibo vinazungushwa mara ngapi. Nilijua sauti ya bomba lililobaki na maji na sauti ya bomba tupu. Nilipoanza kupuliza mabomba kabla ya kufungua valvu, nilijigundua mwenyewe, nikasimama, nikarekebisha. Fundi nyuma yangu alikohoa kidogo, basi.

Magoti yalikuwa yameloa na vidole havina hisia nilipofika kwenye turubai. Mwenye nyumba alitoka na kahawa, kikombe kimoja, akampa Fundi. Akaketi naye. Wakaanza kucheka kuhusu jambo la zamani, la mbwa aliyezama au aliyenusurika, sikusikia vizuri. Nilikuwa upande wa pili, nimeinama, nakaza kamba kwenye kulabu, na wivu ule ule ukanijia, mzima, mwenye afya, kana kwamba hakuna aliyekufa.

Nilifunga kulabu ya mwisho. Nikabonyeza turubai kama ilivyotakiwa kubonyezwa. Mwanamke yule alikuwa anamuuliza Fundi: na majira ya kuchipua, utakuja wewe kufungua?

Fundi alikuwa na kikombe mdomoni. Alikunywa. Akanywa tena. Mwanamke alimngoja, nami nilimngoja, kama watu wote walivyokuwa wakimngoja mtu yule siku zote. Alikiweka kikombe kwenye kisahani kwa mkono wa kushoto, taratibu, kisigonge, akaendelea kutazama miti.

"Nitakuja mimi," nikasema.

Mwanamke akageuka. Alitazama turubai, kulabu baada ya kulabu, kuzunguka bwawa lote hadi akanifikia nilipokuwa nimesimama. Akaniuliza naitwa nani.

Nikamwambia.